Karani wa Mji Anasajili Mbwa

Kaa. Kiti hicho kina mguu mmoja mfupi
lakini hakijawahi kumwangusha mtu.
Umekuja kumsajili mbwa, nami nitamsajili,
ila kalamu yangu haitembei kabla ya mdomo kusema
mawili matatu kuhusu jimbo hili la Vermont
ulikonunua eka nane na ghala bovu.

Kwanza, hatukuwa wa kwanza.
Waabenaki walivua katika mito hii,
ingawa hati za kabati lililo nyuma yangu
zinaanza na mpima ardhi na mnyororo wake,
kana kwamba udongo ulizaliwa siku ile.

Kisha, kwa miaka kumi na minne, tulikuwa nchi.
Usicheke. Nchi kamili, yenye sarafu za shaba,
yenye posta, madeni na ubishi,
New York ikituvuta shati upande huu,
New Hampshire upande ule,
sisi katikati tumekunja ngumi.
Katiba yetu ilikataza utumwa kwa watu wazima.
Watoto iliwasahau.
Ukitaka kuijua nchi, soma ilichosahau.

Halafu kondoo.
Zama hizo kila mtu, hata mchanga wa kunyonya,
alihesabiwa kondoo sita wa merino.
Vilima vilinyolewa kipara kabla ya kondoo wenyewe.
Bei ya sufu ikaanguka, vijana wakafuata reli kwenda magharibi,
na miti ikarudi bila kubisha hodi.
Nyuma ya ghala lako, ndani kabisa ya msitu,
utakuta ukuta wa mawe unaotenga mti na mti.
Usiubomoe. Ni mpaka. Ramani yake ninayo.

Babu yangu, Ercole Comolli,
alitoka Lombardia na patasi tatu
kuchonga itale kule Barre,
malaika kwa ujira wa siku.
Wakati wa baridi walifunga milango ya mabanda,
vumbi likakaa nao ndani kama mgeni asiyeaga.
Alichonga kaburi lake mwenyewe: waridi, jina, mwaka wa kuzaliwa,
akaacha nafasi ya tarakimu nne.
Bibi alimlipa Gaudenzio azimalizie.
Gaudenzio alikohoa tangu ile ya kwanza hadi ya mwisho.

Ndiyo, ndiyo, majani. Nilijua utauliza.
Oktoba ni nyekundu, watu huja kwa mabasi,
hupiga picha, huondoka,
sisi tunabaki na reki.
Mimi ningekuonyesha Machi:
miti ya mepo inatobolewa, utomvu unadondoka
mwepesi kama maji ya kunawa,
ndoo arobaini uzichemshe usiku kucha
upate ndoo moja ya sharubati.
Subira huvuta heri; hapa huvuta na kuni.
Barabara zinageuka uji,
na Jumanne ya kwanza ya mwezi tunajazana ukumbini
kubishana saa mbili juu ya bei ya greda.
Uje. Lete mto wa kukalia.

Mengine ni madogo.
Mabango ya biashara barabarani ni marufuku,
kwa hiyo ukipotea, umepotea na mandhari.
Madaraja yetu ya zamani yamevaa paa,
si kwa mapenzi, ni mbao zisioze.
Watelezaji wa theluji walianza kupandishwa mlima
kwa kamba iliyovutwa na injini ya gari kuukuu.

Na ule mstari ukutani, juu ya swichi?
Mafuriko ya mwaka ishirini na saba, kabla sijazaliwa.
Wa pili, chini kidogo, niliuchora mwenyewe,
matope yakiwa bado magotini,
madaftari nimeyabeba kichwani hadi dari ya kanisa,
mbwa wote wa mji, ndoa zote,
vifo vyote, vikavu.

Haya. Jina lake?
Biskuti.
Rangi? Naiona. Kahawia, sikio moja jeupe.
Dola kumi na moja.
Sina chenji. Rudi Alhamisi;
Jumatano tunafunga.